Bei ya Kariakoo, Kabati la Kahama

Duka linalouza kamera na kamera tu ni nadra katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Anayetafuta kamera Kahama, Katoro au Geita mjini huelekezwa studio ya picha yenye kabati la kioo pembeni, au duka la vifaa vya umeme ambalo katikati ya spika, redio na chaja za simu limepanga kamera mbili tatu, lenzi, tripodi na betri. Mwenye duka hilo ndiye muuzaji, ndiye mwalimu, ndiye mkodishaji, na Jumamosi hufunga mapema kwenda kupiga picha za harusi. Malalamiko yake ni yaleyale yaliyosikika kwa wenzake wa London na New York zaidi ya miaka kumi iliyopita: mtandao umeshusha bei hadi kamera haina faida tena.

Malalamiko hayo yana ukweli, ila yamebebeshwa mizigo ya wengine. Punguzo la mtandaoni linalaumiwa kwa wateja waliochukuliwa na simu, kwa kodi inayomkamata mwenye mlango wa duka na kumwacha asiye nao, na kwa desturi ya wauzaji wenyewe ya kuficha gharama ya huduma ndani ya bei ya bidhaa. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalosemwa kidogo.

La simu ni fupi. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, zinaonyesha kuwa mwaka 2010 kamera za dijitali zaidi ya milioni 121 zilitoka viwandani kwenda masokoni duniani kote. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Hakuna ofa ya mtandaoni inayoweza kuporomosha biashara kiasi hicho. Kodak, ambayo mhandisi wake Steven Sasson aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, kwa sababu pesa yake haikuwa kwenye kamera. Ilikuwa kwenye filamu, karatasi na dawa za kusafishia picha. Studio zetu nazo ziliishi hivyohivyo. Mteja alinunua kamera mara moja, kisha akarudi miaka na miaka: mkanda wa picha 36, kusafisha, kukuza, fremu, albamu. Kamera yenyewe ingeweza kuuzwa karibu na bei ya kununulia na mwenye studio asilalamike.

Mkanda ulipotoweka, faida yote ilibidi itafutwe kwenye kifaa. Punguzo la mtandaoni lilipofika lilimkuta mwenye duka akitegemea bidhaa ambayo zamani haikuwa inamlisha.

Soko lililobaki ni dogo, ila liko hai. Paspoti saizi bado zinatakiwa na shule, ofisi na benki, na ndizo zinazolipa pango la studio nyingi mwezi usio na harusi. Kuna send-off, kitchen party, kipaimara na mahafali. Kuna video za nyimbo za asili za Kisukuma, ambazo tangu YouTube ishike kasi zimekuwa kazi kamili: nyuma ya msanii maarufu kama Bhudagala wako wengine wengi wa vijijini wanaotaka video yenye rangi nzuri na picha za kutoka angani, na nyuma ya kila msanii yuko kijana mwenye kamera moja na lenzi mbili. Halafu zipo kamera za ulinzi, ambazo wapenzi wa picha huzidharau, lakini kwa hesabu za duka huenda zina uzito kuliko Canon na Nikon zikijumlishwa. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, la kwanza la aina yake nchini, biashara ya dhahabu imezidi kutoka vichochoroni na kuingia ofisini, na mwenye ofisi ya dhahabu, karasha au mtambo wa kuchenjua hawezi kulala bila kamera ukutani. Nitalirudia hili.

Sasa punguzo lenyewe. Msomaji akisikia biashara ya mtandaoni huenda akafikiria kampuni kubwa yenye maghala na pikipiki zenye nembo. Kampuni hizo hapa hazikutamba. Jumia iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019 na kufunga shughuli zake Tanzania Novemba mwaka huohuo. Nchini Kenya, Copia, iliyojengwa mahsusi kuwafikishia bidhaa wateja wa vijijini kupitia mawakala wenye maduka, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Mei 2024. Kuuza kwa bei ya chini na kusafirisha mbali kwa gharama ya muuzaji ni hesabu iliyowashinda hata waliokuwa na mamilioni ya dola ya wawekezaji.

Aliyeiweza ni winga. Huyu hana ghala wala duka. Yuko Kariakoo na simu yake, anapiga picha bidhaa zilizo kwenye makabati ya watu, anaziweka Instagram, TikTok na status ya WhatsApp, anaandika bei na maneno mawili yanayojulikana na kila mtu: "mikoani tunatuma". Mteja wa Masumbwe akikubali, anatuma pesa kwa simu. Winga anapanda ngazi hadi kwenye duka, analipa bei ya jumla, anabakiza chake na kupeleka boksi kwenye ofisi ya basi. Kila kiungo cha mnyororo huo kilijengwa kwa sababu nyingine. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008 ili watu watumiane fedha. Mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku Oktoba 2023, baada ya marufuku ya miaka mingi, aliyefikiriwa alikuwa abiria, lakini kifurushi nacho kilianza kufika Kahama asubuhi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kati ya Mwanza na Geita, na mzigo unaopitia Mwanza haulali tena kando ya ziwa. Kwa mwenye duka wa Geita, barabara nzuri imeleta mshindani karibu.

Kwa nini bei ya winga iko chini? Wenye maduka husema mawinga hawalipi kodi, na wanaishia hapo. Tufanye hesabu, kwa namba za kubuni lakini zisizo mbali na hali halisi. Tuseme kamera ya kuanzia kazi ya video ni shilingi 1,800,000 kwa bei ya jumla Kariakoo. Winga anaiuza 1,850,000 na nauli ya kifurushi ni juu ya mteja. Mwenye duka Kahama anataka 2,050,000. Tofauti ni laki mbili, na kwa kijana anayeanza hiyo ni bei ya tripodi na kadi ya kumbukumbu.

Ndani ya laki mbili hizo mna nini? Kuna nauli ya mzigo na hatari ya kuvunjika njiani, ambayo kwa winga inabebwa na mteja. Kuna pango, umeme, leseni, ushuru wa halmashauri na mshahara wa msaidizi. Kuna mtaji uliolala: kamera ikikaa kabatini miezi minne ni milioni na laki nane zisizofanya kazi, na toleo jipya likitoka inashuka thamani ikiwa bado na karatasi za kiwandani. Winga hana mtaji uliolala hata wa siku moja, kwa kuwa ananunua baada ya kulipwa. Kuna kodi, ndiyo. Mwenye duka ana mashine ya EFD juu ya meza, na mtu wa TRA anajua mlango wake uko wapi. Mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo wa Mei 2023 ulionyesha jinsi jambo hili linavyowasha hata pale bei zinapoanzia. Mwaka huohuo kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa VAT kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Nafuu hiyo ilimgusa mwenye duka la kati. Winga haikumhusu, kwani hakuwamo kwenye hesabu tangu awali.

Hata hivyo, ondoa kodi yote kwenye mfano wangu, na bado mwenye duka atakuwa juu ya winga. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inalipia kitu halisi. Inalipia kuiona kamera kabla ya kuilipia, kuishika, kuijaribu na lenzi mbili tofauti, kuonyeshwa namna ya kupanga mwanga kanisani, na kuwa na mlango wa kugonga ikigoma siku mbili kabla ya harusi. Na mara nyingi inalipia mkopo: kijana analipa nusu, anaanza kazi, nusu nyingine analeta kila baada ya sherehe. Hakuna winga atakayekukopesha kutoka Mtaa wa Msimbazi.

Tatizo ni kwamba huduma hizo zinatolewa bure na zinalipiwa na bidhaa. Kwa hiyo mjanja anaweza kuzitenganisha: anakuja dukani, anashika kamera, anaelekezwa nusu saa, anapiga picha lebo, anaaga kwa adabu zote, kisha anaagiza Kariakoo. Mchumi wa Marekani Lester Telser alilieleza jambo hili mwaka 1960, kabla ya mtandao kuota: muuzaji anayetoa maelezo hulipia gharama, na muuzaji asiyetoa maelezo huvuna mauzo, hadi wa kwanza achoke kutoa. Ndiyo hoja waliyokuwa nayo watengenezaji wa Ulaya na Marekani walipotaka kuwapangia wauzaji bei ya chini kabisa, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Leegin, ilikubali kuwa upangaji wa namna hiyo usihesabiwe kosa moja kwa moja bali upimwe kesi kwa kesi. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi kwa upande wa vitabu: tangu sheria ya 1981 muuzaji hawezi kupunguza zaidi ya asilimia 5, na mwaka 2014 wauzaji wa mtandaoni walipokatazwa kuambatanisha punguzo hilo na usafiri wa bure, Amazon ilitoza senti moja ya euro kwa usafiri na maisha yakaendelea.

Kwetu njia hiyo haipo, na sidhani kama inafaa kuililia. Kwanza, hakuna mtengenezaji wa kamera anayejua bei ya Kahama. Mzigo mwingi unaingia kwa wafanyabiashara wanaonunua Dubai au Guangzhou nje ya mikono ya mawakala rasmi, na kamera nyingi za wapiga video wetu ni used kutoka Ulaya na Japani. Pili, wenye maduka wakikaa pamoja na kupatana bei watakuwa wanavunja Sheria ya Ushindani ya 2003. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, mzigo wa bei hiyo ya kulindwa utamwangukia nani? Utamwangukia kijana wa Mbogwe aliyeuza ng'ombe wa baba yake ili aanze kazi ya video. Yeye si adui wa biashara hii. Yeye ndiye biashara yenyewe ya kesho.

Ukanda huu una tabia moja isiyoonekana Dodoma wala Morogoro, nayo inabadilisha uchambuzi wote: pesa yake haiji kila mwisho wa mwezi. Inakuja kwa mkupuo. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likitoa, mchimbaji, mwenye duara, mwenye karasha, mama lishe na bodaboda wote wanapata siku hiyohiyo. Likikauka, mji mzima unanyamaza. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000 katika soko la dunia, na bei hiyo huteremka hadi Nyarugusu na Lwamgasa, ingawa kwa kupunguzwa njiani na kila mkono unaoigusa. Mwenye pesa ya mkupuo ananunua leo. Hawezi kusubiri basi, na hapendi kumtumia milioni mbili mtu aliyemwona kwenye picha tu, kwa sababu hadithi za kutapeliwa, boksi likifika lina tofali au kamera ya mfano wa chini, kila mtu anazo. Kwa mnunuzi huyu laki mbili za ziada ni bei ya uhakika na ya haraka, na anazilipa bila kununa.

Anayekimbizana na bei ni mtu wa aina nyingine: mpiga picha mzoefu. Huyu anajua jina la kila mfano, anajua betri ya ipi inaingia kwenye ipi, anaweza kukagua kamera used kwa simu ya video na kuuliza idadi ya picha zilizokwisha kupigwa nayo. Hahitaji maelezo, kwa hiyo haoni sababu ya kuyalipia. Na kwa haki kabisa, kwa nini ayalipie? Matokeo yake ni mgawanyo wa ajabu: duka linabaki na wateja wanaohitaji kufundishwa kila kitu, na linapoteza waliokuwa wakirudi kununua lenzi, taa na maikrofoni, yaani vitu vyenye faida kuliko kamera. Mauzo yanaonekana yapo, mlango haukauki watu, na bado mwisho wa mwezi hesabu haifungi. Wenye maduka wengi hushangaa hapa. Wanaangalia bei za winga, wakati jibu liko kwenye aina ya wateja waliobaki nao.

Yaliyotokea kwingine yanasaidia kuona mbele, kwa tahadhari. Jessops ya Uingereza, iliyoanza Leicester mwaka 1935, ilianguka Januari 2013 ikiwa na maduka 187, na wengi walisema Amazon imeiua. Lakini B&H ya New York na Yodobashi ya Tokyo, zenye maduka makubwa yanayoonekana kwa macho, zinaendelea hadi leo, na zote mbili huuza mtandaoni kwa nguvu zilezile. Walionusurika hawakushinda vita dhidi ya mtandao. Waliingia humo wakiwa na bidhaa mikononi. Sisemi duka la Kahama liwe Yodobashi. Nasema nafasi ya Kahama haijatumiwa. Mji huu, uliopandishwa kuwa manispaa mwaka 2021, uko kwenye barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi, jirani na bandari kavu ya Isaka, na tayari wafanyabiashara wa Ushirombo, Runzewe na Kakola huja kufunga mzigo hapa. Mwenye duka mwenye kamera mkononi anaweza kuwa winga wa upande wa magharibi: kifurushi chake kinafika Runzewe saa chache, mteja anaweza kumtuma ndugu akaikague kabla ya kulipa, na ikigoma inarudi bila kusafiri karibu kilomita 1,000. Wapo wanaofanya hivyo kwenye status zao za WhatsApp. Wengi huweka picha bila bei, "njoo inbox", na kwa kuficha bei wanamthibitishia mteja kwamba ya Kariakoo ni nafuu.

Kuagiza kwa pamoja ni njia nyingine inayotajwa: maduka manne matano yachange mtaji, yachukue mzigo Dubai bila kupitia Kariakoo. Kwa karatasi inapendeza. Kwa vitendo huvunjikia kwenye swali la nani ashike pesa, na kwenye ukweli kwamba wenye maduka hao wanagombea harusi zilezile.

Serikali nayo imegusa suala hili kwa pembeni. Amri ya Julai 2025 iliyozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ukarabati wa simu na vifaa vya kielektroniki ukiwemo, ilizaliwa na malalamiko ya Kariakoo kuhusu wageni. Inamlinda fundi wa Shinyanga dhidi ya mshindani ambaye huku hakuwa tatizo kubwa. Tatizo la fundi wetu ni vipuri, na kwamba kamera inayohitaji vifaa vya kupimia hupelekwa Mwanza au Dar es Salaam, wakati mwingine kwa winga yuleyule.

Sasa turudi kwenye kamera za ulinzi. Biashara hii imepona kwa sababu moja tu: tangu mwanzo fundi alitenganisha bei. Anakuandikia kamera nne, rekoda moja, waya mita kadhaa, kisha mstari wa mwisho: ufundi. Mwenye karasha akisema amepata kamera zilezile Kariakoo kwa bei ya chini, fundi anamwambia zilete, nitafunga, ufundi ni uleule. Hapotezi usingizi. Bei ya mtandaoni ikishuka, anapata wateja zaidi wa kufungiwa. Punguzo linalomuumiza jirani yake mwenye kabati la kioo linamlisha yeye, na wote wawili pengine walijifunza kazi kwenye studio moja.

Mwenye kabati angeweza kufanya vivyo hivyo. Kukagua kamera iliyoagizwa Kariakoo mbele ya mteja, kabla hajathibitisha kwa winga kuwa mzigo uko sawa, ni huduma ambayo watu wa Katoro wangeilipia hata kesho. Kusafisha kitambuzi cha picha, kusasisha programu ya kamera, somo la saa mbili, kukodisha lenzi kwa siku ya harusi, yote yana bei ikiwa yataandikwa ukutani kama paspoti saizi zilivyoandikwa. Na anayenunua kamera hapohapo anaweza kusamehewa bei hizo, ili ajue alichopewa. Kizuizi ni aibu. Katika mji ambao mteja ni shemeji, jirani au mwana kwaya mwenzako, kumtoza elfu kumi kwa kumshikia kamera na kumwelekeza kunaonekana ni ubahili, wakati kuziingiza laki mbili ndani ya bei ya kamera kunaonekana ni biashara ya kawaida. Wa kwanza kuthubutu kubandika orodha hiyo atasemwa vibaya miezi kadhaa. Wa pili atasemwa kidogo.